Shimo Likila Tairi Moja, Nunua Mawili

Mwaka 2021 kampuni mbili za bima, Discovery Insure na Dialdirect, ziliingia ubia na Jiji la Johannesburg kufukia mashimo barabarani. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya Johannesburg Roads Agency, wakala wa barabara wa jiji, lakini mashimo yalikuwa yamezidi kiasi kwamba hata anayelipia ringi zilizopinda na matairi yaliyochanika aliona bora ashike sepetu mwenyewe. Mashimo mengi yalifungwa. Mvua za misimu iliyofuata zikafungua mengine. Anayeishi hapa anajua mambo yanavyokwenda: kuanzia Oktoba hadi Machi radi inapiga alasiri, mvua inashuka kwa kishindo, shimo linajaa maji, na dereva anaona kidimbwi tu mbele yake. Kina chake anakijua akishaingia.

Shimo hula tairi moja. Mara nyingi ni la kushoto, upande wa ukingo, ambako lami huanza kumomonyoka. Mtu anabaki na matairi matatu yaliyochakaa sawasawa, gurudumu la nne limekaa juu ya jeki, na maswali yanaanza. Ninunue moja au mawili? Nikikosa chapa ile ile, niweke nyingine? Jipya liende mbele au nyuma? Ukiuliza pale Rockey Street, Yeoville, ambako Kiswahili cha Bukavu na cha Dar es Salaam vinakutana kila siku, utapewa majibu manne kabla hujafunga mlango wa gari.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kuwa na chapa moja mbele na nyingine nyuma si hatari, mradi ukubwa na aina vikubaliane na gari. Hatari iko kwenye kuchanganya matairi mawili ya ekseli moja, na hatari kubwa zaidi iko kwenye kununua tairi moja la mtumba ili kuziba pengo. Shimo likila tairi moja, nunua mawili yanayofanana na uyafunge nyuma. Najua hiyo ni fedha, na najua mwezi una siku ngapi kwa dereva wa Bolt au muuza duka wa Mayfair. Ndiyo sababu ya kueleza kwa kirefu, ili anayetoa fedha ajue ananunua nini.

Tuanze na ekseli. Matairi mawili ya mbele hufanya kazi moja kwa pamoja: hupokea amri ya usukani na hubeba sehemu kubwa ya breki, kwa kuwa ukikanyaga breki uzito wa gari huegemea mbele. Tuseme la kulia lina mpira mzima na mifereji yenye kina, na la kushoto limekauka na limebakiwa na milimita mbili. Ukifunga breki, gari litavutwa kulia. Kwenye lami kavu hutahisi sana, pengine usukani kuvuta kidogo. Kwenye lami iliyolowa, kwa mwendo wa barabara kuu, mvuto huo huo unaweza kukutoa kwenye njia yako na kukuingiza ya jirani. Mfumo wa ABS huzuia gurudumu lisigande, ila hauwezi kulipa tairi mshiko ambao halina.

Kuna pia suala la kipenyo. Tairi lililokwisha ni dogo kuliko jipya. Mpira ukipungua milimita tano, kipenyo kimepungua milimita kumi, na gurudumu hilo linalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili lisiachwe na la upande wa pili. Kama ni ekseli inayovuta gari, difu ndiyo inayofidia tofauti hiyo. Difu iliundwa kufidia kwenye kona, kisha ipumzike gari likinyooka. Ukiifungia matairi yasiyolingana, itafanya kazi bila kupumzika kutoka hapa hadi Polokwane, na siku itakapoanza kulia, bei ya kuitengeneza itakuwa imeimeza bei ya lile tairi la pili ulilolikwepa.

Watengenezaji wakubwa hawapishani sana katika jambo hili. Wangependa ubadilishe yote manne, na si kwa ajili ya biashara tu, kwa sababu gari lilibuniwa likiwa na manne yanayofanana. Lakini mfuko usiporuhusu manne, mpaka wanaouchora ni ekseli: ukubwa mmoja, chapa moja, muundo mmoja wa mifereji, uchakavu unaokaribiana. Tofauti ya mbele na nyuma wanaivumilia. Tofauti ya kushoto na kulia hawaivumilii.

Wazee wa gereji wanaokataa kabisa kuchanganya chapa hawakulitoa hilo hewani. Mwaka 1949 Michelin walianza kuuza tairi lao la X, tairi la radiali, ambalo nyuzi zake zinakatisha moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini ya mpira wa kukanyagia kuna mikanda ya chuma. Kabla yake nyuzi zilipishana kimshazari. Kwa miaka mingi aina hizo mbili ziliuzwa kwa pamoja madukani, na tabia zake kwenye kona zilikuwa mbali kabisa. Dereva aliyefunga radiali mbele na kuacha zile za zamani nyuma alikuwa na gari ambalo pua inageuka vizuri na mkia unakimbia. Uingereza na nchi nyingine zikaukataza mpangilio huo kwa sheria. Leo karibu kila tairi la gari dogo ni radiali, ndiyo ile herufi R iliyoko katikati ya namba za ukubwa, kwa hiyo sababu ya lile katazo imeondoka na katazo lenyewe limebaki midomoni mwa mafundi. Kilichobaki kuwa kweli ndani yake ni hiki: mshiko wa nyuma usizidiwe na wa mbele.

Na hapo ndipo mabishano huwa makali.

Magari mengi tunayoendesha hapa, Polo Vivo, Etios, Corolla, Swift, yanavutwa na magurudumu ya mbele. Matairi ya mbele huisha haraka kwa sababu yanavuta, yanageuza na yanabeba breki. Fundi akikuona umefika na mapya mawili atayapeleka mbele bila kukuuliza, na hoja yake inaingia akilini: ndiyo yanayofanya kazi, basi ndiyo yanayostahili upya. Ukimwambia ayafunge nyuma, atakuangalia kama mtu asiyejua gari.

Mwache akuangalie. Mvua inaponyesha, kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya mpira. Mifereji ikipungua kina, maji hayaishi kutoka, na tairi linaanza kuelea. Yakielea ya mbele kwanza, usukani unakuwa mwepesi mkononi na gari linakwenda moja kwa moja badala ya kukata kona. Unaogopa, unaachia mafuta, na kuachia mafuta ndiyo dawa yenyewe: mwendo unapungua, uzito unarudi mbele, matairi yanaikamata lami. Yakielea ya nyuma kwanza, usukani hauna la kukuambia. Mkia unatoka, unaachia mafuta kwa hofu ile ile, na safari hii uzito unaokwenda mbele unauacha mkia mwepesi zaidi. Gari linazunguka. Kulirudisha kunataka ugeuze usukani upande ule ambako mkia unakwenda, kwa kipimo sahihi, bila kufikiri. Dereva wa mashindano hufanya mazoezi ya jambo hilo. Sisi wengine tunakutana nalo mara moja, huku watoto wamekaa kiti cha nyuma.

Michelin wana uwanja wa majaribio huko Laurens, South Carolina, ambako kwa miaka mingi wamekuwa wakiwaonyesha watu tofauti hii waziwazi: magari ya aina moja, kona moja iliyomwagiwa maji, moja lina mapya mbele na jingine lina mapya nyuma. Lenye mapya mbele huzunguka kwa mwendo ambao lenye mapya nyuma hupita kwa utulivu. Ilete kona hiyo hapa kwetu. Majira ya baridi ya Highveld ni miezi ya ukavu mtupu, na mvua ya kwanza inaikuta lami imepakwa vumbi, mafuta yaliyovuja na mabaki ya mpira. Weka hapo njia panda ya Gillooly's, kona ndefu ya kuingilia N3, na mbele yako foleni iliyosimama ghafla. Hapo ndipo utakapotaka mkia ubaki nyuma yako.

Nyongeza moja hapa, maana nimewahi kusikia ushauri huu ukigeuzwa. Kuweka mapya nyuma hakuna maana ya kuacha vipara mbele. Matairi ya mbele yakikaribia alama ya mwisho, hakuna upangaji utakaoyaokoa, hapo ni manne. Na anayezungusha matairi yake kila baada ya kilomita elfu kumi hivi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele, yote manne humwishia karibu kwa pamoja, kwa hiyo hafiki kwenye mabishano haya mara kwa mara.

Sasa turudi kwa mtu wetu aliye juu ya jeki. Kama matairi yake bado machanga, yamepungua milimita moja au mbili tu, atafute tairi lile lile, chapa ile ile, muundo ule ule, alifunge moja na maisha yaendelee. Kama yamefika katikati, anunue mawili. Tuseme lililopasuka ni la mbele kushoto. Yale mawili ya nyuma yanakuja mbele, mapya yanakwenda nyuma, na lile moja la mbele lililosalimika linakuwa spea. Hakuna kilichotupwa. Kwa wenye magari yanayokuja na spea nyembamba, ile ambayo wenyeji wa hapa huiita biskuti ya Marie, faida ni kubwa zaidi, kwa sababu biskuti hiyo mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa na haikutengenezwa ili uendee nayo kazini wiki nzima. Hakikisha tu ukubwa kamili unaingia mahali pake kwenye buti.

Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunakwenda Jules Street.

Siidharau Jules Street. Ile barabara ndefu inayopita Jeppestown na Malvern imewapa ndugu zetu wengi mtaji na wengine ufundi, na bila vipuri vyake magari mengi ya jiji hili yangekuwa yamekufa. Lakini tairi la mtumba ni kitu kingine. Likiwa limesimamishwa mlangoni, linakuwa jeusi kuliko jipya, maana limepakwa dawa ya kung'arisha. Kashata zinaonekana, bei ni theluthi ya ile ya dukani, na muuzaji, pengine mtu wa Tanga au wa Goma, anakwambia kwa upole: "Kaka, hili bado kabisa, halijatembea." Hakusudii kukudanganya. Hajui lilikotoka.

Kabla ya kutoa fedha, lilaze chini. Ingiza mkono ndani na upitishe vidole polepole kwenye ukuta mzima. Kiraka utakihisi. Mahali ambapo nyuzi zimekatika kwa kugonga shimo utahisi uvimbe mdogo, laini, usioonekana kwa nje mpaka tairi lijazwe upepo. Kisha kunja ukuta wa pembeni kwa vidole gumba, karibu na pale linapokaa kwenye ringi: kama mpira umezeeka, nyufa nyembamba zitafunguka chini ya ile rangi nyeusi. Halafu tafuta herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Michelin na Continental wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka mitano ya matumizi, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama kashata bado zimesimama. Mimi ningekuwa mkali zaidi ya hapo. Johannesburg iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750, jua lake halina masihara, na gari linalolala nje linaanikwa mwaka mzima. Tairi la mtumba lenye zaidi ya miaka sita nisingelifunga kwenye gari la mtu ninayempenda.

Kisha ifanye hesabu, kwa sababu hoja ya mtumba ni hoja ya bei. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha takriban milimita 8. Likifika milimita 1.6, vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji vinakuwa sawa na uso wa mpira, na muda wake umekwisha. Kwa hiyo ukinunua jipya umenunua milimita 6.4 za matumizi. Mtumba lenye milimita 3.2, ambalo kwa macho linaonekana bado zima, lina milimita 1.6 tu za matumizi, yaani robo. Ukililipia theluthi ya bei ya jipya, umelipa zaidi kwa kila milimita, na milimita ulizopata ni zile za mwisho, ambazo kwenye maji zina kazi ndogo kuliko zote. Maskini ndiye anayeuziwa tairi ghali. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote jingine katika biashara hii.

Matairi hayo yanatoka wapi? Mengi ni yale ambayo mtu mwingine ameambiwa dukani kwamba yamekwisha. Watengenezaji wa hapa, kupitia umoja wao unaoitwa SATMC, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba matairi yaliyoondolewa kama taka yanarudi barabarani badala ya kuharibiwa. Taifa lilijaribu kuweka utaratibu. Kanuni za matairi chakavu zilitoka 2009, mpango wa ukusanyaji wa REDISA ukafuata 2012, na Februari 2017 serikali ikaweka tozo ya randi 2.30 kwa kila kilo ya tairi jipya. Mwaka huo huo REDISA ikaingia kwenye ufilisi kwa amri ya mahakama, na ukusanyaji ukayumba. Tairi chakavu lisilo na mtu wa kulichukua hupata mnunuzi.

Sheria nayo haitoshi kutulinda. Afrika Kusini inataka walau milimita moja ya kina, upana wote na mzunguko wote wa tairi, na lenye vile vinundu vya kiashiria lisiwe limefika usawa wake. Ni kiwango cha chini, na hata hicho hakisimamiwi kwa ratiba. Gari binafsi linapaswa kupata cheti cha ubora wa kuwa barabarani linapobadilisha mmiliki. Baada ya hapo linaweza kukaa miaka bila mtu wa serikali kuyatazama matairi yake, isipokuwa askari wa JMPD, polisi wa jiji, akikusimamisha. Atakayeyatazama kwa makini ni mkaguzi wa bima, tena baada ya ajali, akitafuta sababu ya kutolipa.

Kuhusu chapa, wengi wetu tulikulia mahali ambapo swali hili halikuwapo. Tanzania ilikuwa na General Tyre ya Arusha, kiwanda cha serikali kwa ubia na Continental, kilichoanza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nairobi ilikuwa na Firestone East Africa, baadaye Sameer, na matairi yake ya Yana. Ulinunua lililokuwapo, na lililokuwapo lilikuwa zuri. Cha Arusha kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, cha Nairobi kikaacha kutengeneza 2016. Afrika Kusini nayo inapita njia hiyo hiyo. Bridgestone walifunga kiwanda cha Port Elizabeth, Gqeberha ya leo, mwaka 2020 na kubaki na cha Brits. Goodyear, waliokuwa Uitenhage tangu 1947, mji ambao sasa unaitwa Kariega, walitangaza 2025 kuacha uzalishaji, na takriban watu 900 wakapoteza kazi. Bado Dunlop wanatengeneza Ladysmith chini ya Sumitomo, na Continental wako Gqeberha. Mwaka 2023 serikali iliweka ushuru wa kuzuia bei za kutupa kwa matairi kutoka China, baada ya viwanda vya ndani kulalamika.

Nayaeleza haya kwa sababu mtu akisema "tairi la Kichina" hapa anaweza kuwa anazungumzia siasa za viwanda, na wewe unahitaji kujua kitu kingine kabisa: je, linashika kwenye maji? Nchi lilikotengenezwa haikupi jibu. Ulaya tangu 2012 inataka kila tairi jipya la gari dogo liwe na alama ya mshiko kwenye lami iliyolowa, na mfumo huo ulipoanza ilielezwa kwamba kati ya daraja la juu na la chini, gari linalofunga breki likiwa kilomita 80 kwa saa linaweza kutofautiana kwa mita 18 kabla ya kusimama. Mita 18 ni urefu wa magari manne. Matairi mengi yanayouzwa Johannesburg yanauzwa Ulaya pia, kwa hiyo alama yake unaweza kuitafuta kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Tairi la bei ya kati lenye daraja zuri kwenye maji, ukinunua mawili, linakufaa kuliko moja la jina kubwa lililofungwa kando ya la mtumba.

Soma pia namba zilizo pembeni. 195/65 R15 91H ni upana wa milimita 195, kimo cha ukuta asilimia 65 ya upana huo, ringi ya inchi 15, uzito wa kilo 615 kwa tairi moja, na mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari. Kwa wenye Quantum na magari ya mizigo hili ni la kufa na kupona: gari linalotaka tairi lenye herufi C, la kubebea mzigo, lisifungwe la gari dogo hata kama linaingia kwenye ringi. Abiria kumi na tano na mizigo yao hawatapungua uzito kwa kuwa tairi lilikuwa la bei nafuu.

Magari mawili yako nje ya ruhusa niliyoitoa mwanzoni. Yanayovutwa na magurudumu yote manne muda wote, kama Subaru nyingi, hayataki tofauti hata ya mbele na nyuma. Subaru wenyewe wanaweka kikomo cha robo inchi kwenye mzunguko wa tairi, takriban milimita 6, na ukizidisha unaiharibu difu ya katikati. Kwa gari la namna hiyo shimo moja linaweza kudai matairi manne, na mwenye kulinunua alijue hilo kabla. La pili ni lenye matairi yanayoweza kutembea bila upepo, kama BMW nyingi za mji huu. Usiyachanganye na ya kawaida.

Na upepo. Kwenye vituo vya mafuta vya hapa mhudumu anakujazia, naye hujaza anachoambiwa, basi mwambie namba iliyobandikwa kwenye mlango wa gari lako. Ukishuka kwenda Durban, kumbuka kwamba hewa ya pwani ni nzito kuliko ya huku juu: tairi lililosoma bar 2.2 Johannesburg litasoma karibu 2.0 ufukweni, ukiacha athari ya joto, bila kuvuja hata kidogo. Pima upya huko, na ukirudi pima tena. Tairi jipya lenye upepo pungufu huchemka na kuharibika kwa ndani, na uchanga wake hautalisaidia.

Nimalizie na fedha, kwa kuwa hapo ndipo uamuzi wote unapokwama. Jumuiya zetu hapa zina vikundi vya kuchangiana. Tunachangia misiba, tunachangia harusi, kina mama wana upatu wao, na majirani zetu wa Soweto wana stokvel za kila namna, hadi za kununua nyama ya Desemba. Sijaona kwa nini madereva kumi wa Bolt wanaofahamiana wasiwe na mzunguko wa matairi: kila mwezi mmoja wao anapata mawili mapya, na akifika kwa muuza tairi akiwakilisha wateja kumi wa uhakika anakuwa na sauti ya kuomba bei. Wenye vikundi tayari, lichukueni jambo hili kwenye kikao kijacho, kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Na wewe unayesoma hapa leo, chukua tochi, zunguka gari lako, soma tarakimu nne za kila tairi na ulinganishe la kushoto na la kulia. Ekseli ambayo mawili yake hayafanani, ndiyo utakayoanza nayo.